Bunduki ya Wenzo, Risasi ya Bastola: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Mara ya Kwanza

Mwongozo huu ni kwa msomaji wa Kiswahili anayeishi Marekani kihalali na anayefikiria kununua bunduki yake ya kwanza, ama kwa kuwinda kulungu, ama kwa kupiga shabaha uwanjani. Dukani utaonyeshwa bunduki za kila namna. Huenda macho yako yakatua kwenye ile yenye kitako cha mti wa mjozi na kitanzi cha chuma chini ya kifyatulio. Kitanzi hicho ndicho wenzo. Ukiusukuma chini na mbele, ganda tupu linaruka nje na nyundo inarudi nyuma ikiwa tayari. Ukiurudisha mahali pake, risasi mpya inaingia chemba. Risasi zenyewe zimelala ndani ya bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine.

Zipo bunduki za wenzo zinazotumia risasi kubwa za masafa. Hapa ninazungumzia zile zinazotumia risasi za bastola, hasa .357 Magnum, .44 Magnum na .45 Colt. Nyingi ni nyepesi, teke lake kwa kawaida ni dogo, na mtu anayeanza huzizoea haraka. Lakini shika neno moja kabla ya mengine yote: hii ni bunduki ya karibu. Ukiinunua kwa kazi ya karibu itakutumikia wewe na watoto wako. Ukiilazimisha kazi ya mbali, itakachofanya ni kujeruhi mnyama atakayekwenda kufia mahali usipopajua.

Wazo limetoka wapi

Mwaka 1860 fundi Benjamin Tyler Henry alipata hataza ya bunduki ya wenzo iliyobeba risasi 16 kwenye bomba lake, wakati askari wengi bado walikuwa wakishindilia baruti mdomoni mwa mtutu. Mwaka 1866 kampuni ya Oliver Winchester iliiboresha kwa kuiwekea mlango mdogo ubavuni wa kupitishia risasi. Ikafuata Winchester ya 1873 na risasi yake ya .44-40. Kabla ya muongo huo kwisha, Colt nayo ilikuwa ikitengeneza rivolva inayotumia risasi hiyo hiyo. Hapo ndipo wazo lilipokamilika: mchunga ng'ombe aliye mbali na duka alibeba aina moja tu ya risasi, akalisha silaha mbili kutoka mkanda mmoja.

Pwani yetu nayo ilizishuhudia bunduki za Winchester mapema. Februari 1887, msafiri Henry Morton Stanley alipokusanya mamia ya wapagazi Zanzibar kwa safari ya kumfuata gavana Emin Pasha, Winchester zilikuwamo miongoni mwa silaha za msafara ule.

Mwaka 1892 John Moses Browning aliipa Winchester muundo mpya wenye vyuma viwili vya wima vinavyofunga sehemu ya nyuma kwa nguvu kuliko ule wa 1873. Miaka miwili baadaye Marlin ikatoa ya kwake, ambayo mgongo wake umefunikwa na maganda yake hutokea ubavuni. Miundo hii ndiyo mingi ya utakayoikuta dukani hadi leo, kwa hiyo tofauti zake si historia tupu. Zitaamua risasi gani ni salama kwako na kama utaweza kufunga darubini.

Mtutu mrefu unaongeza nini

Risasi ya bastola ikipigwa kwenye mtutu mrefu hupata nguvu zaidi. Baruti inayoungua inapata nafasi ndefu ya kukisukuma kichwa cha risasi, tena hakuna ule ufa mdogo wa rivolva, kati ya silinda na mtutu, ambao huvujisha gesi.

Chukua .357 Magnum yenye kichwa cha gramu 10 hivi. Ikitoka kwenye rivolva ya inchi 4 huenda takriban mita 375 kwa sekunde. Risasi hiyo hiyo ikitoka kwenye bunduki yenye mtutu wa inchi 18 hukaribia mita 550. Kwa .44 Magnum yenye kichwa cha gramu 15 na nusu, mwendo hupanda kutoka karibu mita 360 hadi karibu mita 535. Hiyo ndiyo tofauti inayoifanya risasi ya bastola iweze kumwangusha kulungu kwa heshima.

Faida hiyo ina mwisho. Kichwa cha risasi ya bastola ni kifupi na bapa, na hewa hukipunguzia mwendo upesi. Ukipita yadi 100, yaani mita 90 hivi, .357 huanza kushuka kwa kasi na kupoteza nguvu. .44 Magnum husogea mbele kidogo, lakini hata yenyewe si ya kupigia mnyama aliye ng'ambo ya shamba kubwa.

Chagua risasi kwanza, bunduki baadaye

Wanunuzi wengi huanza na sura ya bunduki. Anza na kazi. Kazi itakuonyesha risasi, na risasi itakuonyesha bunduki.

*.357 Magnum.* Kwa mtu wa mara ya kwanza, hii ndiyo ninayoipendekeza. Ilitoka mwaka 1935 ikiwa ndugu mwenye nguvu wa .38 Special. Ganda lake limeongezwa urefu wa milimita tatu na kidogo ili lisiingie kwenye rivolva dhaifu za .38. Kinyume chake kinakubalika: bunduki ya .357 hupokea .38 Special bila madhara. Unaweza kujifunza wiki nzima kwa .38, ambayo ni ya bei nafuu zaidi, kelele yake ni ndogo na teke lake karibu halisikiki, kisha ukaingia msituni na .357.

*.44 Magnum.* Hii ni ya mwindaji kwanza. Kwa kulungu haina deni, na kwa dubu mweusi wa karibu watu wengi huiamini. Teke lake huonekana, hasa kwenye bunduki nyepesi, na bei ya risasi iko juu. Nayo ina mdogo wake wa mazoezi, .44 Special.

*.45 Colt.* Ina heshima ya umri, maana ilianza kutumika 1873. Ukiinunua uwe mwangalifu: madukani kuna risasi za .45 Colt za nguvu ya kawaida, na kuna nyingine zilizojazwa kwa nguvu kubwa kwa ajili ya silaha imara za kisasa tu. Boksi hueleza. Bunduki ya muundo wa 1873, hata iliyotengenezwa jana, isilishwe hizo za nguvu kubwa.

Jina la risasi limechongwa juu ya mtutu. Lisome, kisha ulilinganishe na boksi na pia na kitako cha ganda. Maneno hayo matatu yakitofautiana, usipige.

Kuchagua bunduki yenyewe

Muundo wa 1892 leo hutengenezwa na Rossi ya Brazil, na Winchester zenye jina hilo hutengenezwa Japani na Miroku. Ni imara na ni nyepesi: Rossi ya .357 yenye mtutu wa inchi 16 ina uzito wa kilo 2 na robo hivi na hubeba risasi 8 kwenye bomba. Ya inchi 20 hubeba 10. Kasoro yake ni kwamba maganda hurukia juu, kwa hiyo darubini haikai vizuri mgongoni.

Marlin 1894 hurushia maganda ubavuni. Kama macho yako yamechoka na unahitaji darubini, anzia hapa. Ruger iliinunua Marlin mwaka 2020 na sasa inazitengeneza upya.

Henry Big Boy ni ya kampuni ya kisasa iliyochukua jina la fundi yule wa 1860. Ile yenye mwili wa rangi ya shaba na mtutu wa pembe nane hupendeza sana na hutulia mkononi, kwa sababu inakaribia kilo 4. Uzito huo ni baraka uwanjani na mzigo mlimani. Za awali hujazwa kwa mbele, kwenye bomba. Nyingi za sasa zina mlango wa ubavuni pia.

Muundo wa 1873 hutengenezwa na Uberti ya Italia na wengineo. Wenzo wake huteleza kama siagi, ndiyo maana wapenda mashindano ya kikauboi huupenda. Ndani yake ni dhaifu kuliko wa 1892. Utumie kwa risasi ambazo mtengenezaji amezitaja, basi.

Ukishika bunduki dukani, mwombe muuzaji akuonyeshe kwamba ni tupu, kisha fanya mambo matatu. Iweke begani ukiwa umefumba macho, halafu yafumbue: kilengeo kinapaswa kuwa karibu na mbele ya jicho lako. Fungua na funga wenzo mara kadhaa usikilize kama unakwama. Pima kama vidole vyako vinaenea kitanzini ukiwa umevaa glavu, kwa sababu msimu wa kulungu katika majimbo ya kaskazini ni msimu wa baridi. Kama ni bunduki iliyotumika, lipa fundi wa bunduki aikague kabla hujalipa bei yake.

Umbo la kichwa cha risasi

Hili ni jambo la uhai. Ndani ya bomba, ncha ya risasi moja hugusa kitako cha iliyo mbele yake, palepale kwenye fataki. Ncha hiyo ikiwa kali na ngumu, teke la bunduki linaweza kuifanya igonge fataki kama pini, na risasi ikalipuka ndani ya bomba, chini ya mkono wako wa kushoto. Kwa hiyo tumia vichwa bapa, au vile vyenye ncha laini ya plastiki vilivyotengenezwa maalumu kwa bunduki za wenzo.

Bapa nacho kina kiasi chake. Kichwa kilichokatwa kabisa, ambacho hakichomozi nje ya ganda, mara nyingi hukwama kikipanda kuingia chemba. Kinachopita vizuri ni kile chenye mabega yaliyoinama na pua bapa. Nunua maboksi mawili matatu ya aina tofauti, pigia uwanjani, kisha baki na ile ambayo bunduki yako inaimeza bila kusita. Risasi za mawindo zijaribiwe kwanza. Msituni si mahali pa kujaribia.

Sheria: soma hapa mara mbili

Kwa Mswahili aliyeko ugenini, kosa la makaratasi linaweza kuwa kubwa kuliko kosa la shabaha.

Sheria ya shirikisho inamkataza muuzaji mwenye leseni kumuuzia bunduki ya namna hii mtu aliye chini ya miaka 18, na baadhi ya majimbo yameweka umri mkubwa zaidi. Utajaza Fomu 4473 na utachunguzwa rekodi yako. Fomu hiyo inauliza uraia. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kununua, lakini ajibu kama alivyo. Kujiandika raia wa Marekani wakati hujawa raia ni uongo unaoweza kukufungia milango ya uhamiaji maisha yako yote.

Aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki wala kushika bunduki au risasi, isipokuwa kwa misamaha michache, mmojawapo ukiwa kuwa na leseni halali ya uwindaji. Kama hali yako ya uhamiaji haijakaa sawa, mwone mwanasheria wa uhamiaji kabla hujagusa silaha, hata ya kuazima uwanjani.

Ndugu au rafiki akikuomba umnunulie bunduki kwa jina lako kwa sababu yeye ana kikwazo, mkatalie. Tumelelewa kusaidiana na inauma kusema hapana, lakini hilo ni kosa la jinai na linaweza kuwafunga nyote wawili.

Usikate mtutu. Chini ya inchi 16, bunduki huingia katika kundi lenye masharti mazito ya usajili. Wala usifikirie kurudi nayo nyumbani ukienda likizo: Kenya na Tanzania silaha huhitaji leseni ya huko huko, na Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu 1977.

Kujaza, kupiga na kuondoa risasi

Kanuni za msingi ni za bunduki zote. Ichukulie kila silaha kuwa ina risasi. Usielekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kiwe nje ya kifyatulio mpaka umeamua kupiga. Ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Vaa vizuia masikio na miwani kila mara.

Bunduki ya wenzo ina mambo yake mengine.

1. Jaza bunduki, mtutu ukiwa umeelekea upande salama, na usitie risasi chemba mpaka uwe mahali pa kupigia.
2. Unapofanyia kazi wenzo, kidole cha shahada kiwe pembeni. Mkono unaporudi kwa kasi, kidole kilichosahauliwa kitafyatua.
3. Usiusukume wenzo kwa woga. Usukume mpaka mwisho, urudishe mpaka mwisho. Kukwama kwingi hutokana na mkono uliosita katikati.
4. Kushusha nyundo bila kupiga kunahitaji utulivu. Mtutu uelekee ardhi salama, dole gumba liishike nyundo imara, bonyeza kifyatulio kidogo tu, kiachie mara nyundo inapoanza kusogea, na uishushe taratibu. Jifunze kwa bunduki tupu, na usilifanye hili kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi.
5. Kuondoa risasi ndipo wengi hukosea. Bunduki nyingi zenye mlango wa ubavuni tu hazina njia nyingine ila kupitisha kila risasi kwa wenzo hadi ya mwisho. Zinazojazwa kwa mbele hutolewa bomba la ndani kwanza, lakini iliyoko chemba bado ipo. Ukidhani imekwisha, fungua tena mara mbili tatu, chungulia chemba, tia kidole uiguse, kisha tazama mdomo wa bomba. Risasi iliyonasa ndani ya bomba haionekani kwa macho ya haraka.

Anza mazoezi kwa yadi 25 ukiwa umeketi, bunduki ikiwa imeegemea mfuko wa mchanga. Vishimo vikikusanyika pamoja, sogea 50, kisha 75. Kilengeo cha bunduki ya mwindaji kirekebishwe kwa risasi ile ile atakayowindia, maana .38 na .357 hazitui mahali pamoja.

Msituni

Bunduki hizi zimepata soko jipya katika majimbo ya mashamba tambarare. Ohio, kwa mfano, iliruhusu kuanzia 2014 uwindaji wa kulungu kwa bunduki zenye risasi za ganda lililonyooka kama hizi zetu, kuanzia kaliba ya .357 hadi .50. Kabla ya hapo wawindaji wengi wa huko walitumia shotgani. Risasi ya ganda lililonyooka haiendi mbali kama ile ya masafa, na hilo lina maana panapokuwa na nyumba nyuma ya kila kichaka. Kila jimbo lina kanuni zake za kaliba, saa za kuwinda, idadi ya risasi na mavazi ya rangi ya machungwa. Soma kijitabu cha mwaka huu cha jimbo lako, na uhudhurie mafunzo ya uwindaji hata kama hulazimiki.

Jiwekee mpaka kabla ya alfajiri ya kwanza: kwa .357, yadi 100, kwa .44 Magnum, 125. Mpaka huo upungue kama uwanjani huwezi kuweka risasi tano mfululizo ndani ya sahani ya chai kwa umbali huo. Mnyama akisimama mbali zaidi, mwache aende zake. Wazee wetu waliokuwa wakiwinda kwa mishale walijua kunyemelea hadi karibu, na bunduki hii inadai ustadi ule ule wa miguu na subira.

Usafi na uhifadhi

Ukipiga .38 nyingi ndani ya bunduki ya .357, masizi hujijenga kama pete ndani ya chemba, mahali mdomo wa ganda fupi unapoishia. Baadaye ganda refu la .357 litabana hapo. Sugua chemba kwa brashi ya shaba kabla ya kubadilisha.

Rossi na Winchester kwa kawaida husafishwa kupitia mdomo wa mtutu, kwa sababu nyuma yake pameziba. Tumia kifimbo chenye kilinda mdomo ili usikwaruze mwisho wa mtutu, maana hapo ndipo shabaha huzaliwa au hufa. Marlin ina nafuu: ukifungua skrubu moja, wenzo hutoka, chuma cha nyuma hutoka, na unasafisha kutoka chemba. Angalia tu kile kipande kidogo cha kutolea maganda kisianguke sakafuni. Mafuta yawe tone, si kijiko. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwa sababu ya risasi, yaani madini yenyewe.

Nyumbani, bunduki ikae tupu ndani ya sefu ya chuma, na risasi zikae kwingine chini ya kufuli lingine. Nyumba zetu huwa na wageni, na watoto wa majirani huingia bila kubisha. Juu ya kabati si mahali pa kufichia. Nyuma ya mlango si mahali pa kufichia. Kama hujaweka kando fedha ya sefu, bado hujawa tayari kununua bunduki. Subiri mwezi mmoja zaidi, nunua sefu kwanza, kisha urudi dukani.